CHAKULA CHA MTU ALIYEHAMA

Masomo: 2 Wafalme 8:1–6; Matendo ya Mitume 6:1–6



Yule mama Mshunami twamjua sana kwa ajili ya chumba kidogo alichomtengea nabii Elisha juu ya nyumba yake, pamoja na kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Twamjua pia kwa ajili ya mwanawe aliyefufuliwa. Sisi tuliofundisha vipindi vya dini mashuleni tulizisimulia habari hizo mwaka hadi mwaka, na watoto hawakuzichoka. Lakini habari za mama huyo haziishii hapo. Ziko tena katika sura ya nane, na sura hiyo wahubiri wengi huipita mbio wakielekea kwa wafalme na vita vyao. Tunawaomba mwaka huu, kabla ya Sikukuu ya Mavuno, tukae kidogo katika aya zile sita.

Njaa ya miaka saba inakuja. Elisha anamwambia mama huyu aondoke na watu wa nyumba yake, akakae popote atakapoweza kukaa. Naye akaenda katika nchi ya Wafilisti, yaani kwa adui wa taifa lake, akakaa huko miaka saba yote. Njaa haichagui mpaka. Alipokwisha kurudi alikuta nyumba yake na shamba lake vimo mikononi mwa watu wengine. Basi akaenda kwa mfalme kulia haki yake.

Sasa angalieni jinsi mfalme alivyofanya. Hakumwuliza kwa nini alikwenda kwa Wafilisti. Hakumwambia kwamba aliyekuwa hayupo hahesabiwi. Alimpa mtumishi mmoja wa kumsimamia, akaamuru arudishiwe vyote vilivyokuwa vyake, na zaidi ya hayo mazao yote ya shamba tangu siku ile alipoondoka. Hapo ndipo penye uzito. Kurudishiwa shamba kungetosha kwa hakimu wa kawaida. Bali mfalme aliona kwamba chakula cha miaka ile saba, ingawa mwenyewe alikuwa mbali, kilikuwa bado ni chakula chake.

Sisi watu wa Karagwe na Kyerwa tungepaswa kulielewa somo hili upesi kuliko wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wazee wetu waliwapokea wakimbizi wa Rwanda, wakawekwa Nkwenda. Kisha ukaja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 tu, na katika miezi iliyofuata wengine zaidi ya laki moja walikuwa huku kwetu, ng'ambo hii ya mto Kagera, katika makambi ya Kagenyi, Rubwera, Kyabalisa na Omukariro. Tuliokuwa walimu wakati ule tulipata kuona mambo ambayo chuo cha ualimu hakikutufundisha.

Tuliona jinsi posho inavyogawiwa. Mwanzoni chakula kilipitia kwa wakuu wa komini waliokuja pamoja na watu wao, na orodha zikavimba, kwa kuwa kila mkuu alitaka kuonekana ana watu wengi. Baadaye watu walihesabiwa, kila jamaa ikapewa kadi. Siku ya mgao mtu alisimama katika mstari, kadi ikatobolewa, akapimiwa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Watu wetu nao walipata kubadilishana nao. Mkimbizi aliyechoshwa na mahindi alikuja na debe lake akarudi na mkungu wa ndizi, na mwenye migomba akapata mafuta ya kupikia. Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mema. Migomba iliibiwa, na vilima vikabaki bila kuni. Lakini katika vyungu vingi vya Karagwe mwaka ule mlichanganyika vyakula vya pande mbili.

Basi kadi ile ilikuwa na tabia moja. Ilijua kambi, haikujua mtu. Tulimfahamu mama mmoja, jina lake hatulitaji, aliyepata habari kwamba kaka yake yu mgonjwa katika kambi nyingine, mwendo mrefu kutoka hapa. Akaondoka na watoto wawili kwenda kumwuguza. Kadi yake aliifunga katika upindo wa kitenge. Siku ya mgao alipofika mbele ya meza aliambiwa kwamba kadi hiyo si ya pale, arudi kule alikoandikishwa. Kurudi ni kumwacha mgonjwa. Kukaa ni kulala njaa. Akakaa. Kwa wiki kadhaa watu sita walikula kwa kadi ya watu watatu, na mgonjwa mwenyewe akawa anawapunguzia watoto sehemu yake.

Mtu aweza kuuliza, yule mgawaji alikosa nini? Alikuwa na magunia ya watu waliohesabiwa. Kama angempa kila aliyefika na kadi ya kwingine, huenda wa mwisho katika mstari angekuta gunia tupu. Hatumlaumu sana. Twasema tu kwamba pale mezani hapakuwa na mtu wa kazi ya tatu: yule wa kuandika upande huu kwamba jina limeingia, na kupeleka habari upande wa pili kwamba jina limetoka. Kwa kukosa mtu huyo na karatasi yake, mama na watoto wawili walihesabiwa kambini kama watu waliopo, na mahali walipokuwa kweli walihesabiwa kama watu wasiopo.

Mwezi Desemba 1996 Serikali yetu pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi huo, na makambi yakafungwa. Lakini jambo lenyewe halikufungwa pamoja nayo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakimbizi wakae katika maeneo waliyopangiwa, na posho iko humo humo. Majirani zetu wa Uganda walifuata njia nyingine: sheria yao ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kwenda atakako. Hata hivyo chakula cha Nakivale na Oruchinga, huko Isingiro ng'ambo ya mto wetu, hugawiwa makazini. Anayekwenda kukaa Kampala hujilisha mwenyewe. Miguu imepewa ruhusa, tumbo halikupewa. Na mahali posho inapopunguka, kama ilivyokuwa Nyarugusu na Nduta mwaka 2023 ilipofika nusu ya kipimo, ndipo watu huanza kutafuta pa kwenda, na ndipo kuhama kunapokuwa ghali kuliko siku zote.

Tusidhani kwamba hayo ni ya nchi maskini tu. Marekani, ambako jamaa wengi wa Kikongo waliotoka Nyarugusu wamepelekwa kukaa, kuna msaada wa chakula unaotiwa katika kadi. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 2000, mwenye kadi ya jimbo moja aweza kununua unga dukani katika jimbo jingine, hivi kwamba msafiri halali njaa njiani. Hilo ni jambo jema. Lakini akihama kabisa hana budi kufunga kule na kuomba upya huku, aanze na karatasi mpya, kwa kuwa hairuhusiwi kupokea katika majimbo mawili kwa mwezi mmoja. Wageni wasiojua desturi hiyo hupitisha siku kadhaa za shida baina ya mlango uliofungwa na mlango usiofunguliwa bado. Isitoshe, sheria nyingine ya mwaka 2025 imewaondoa katika msaada huo wakimbizi ambao hawajapata hati ya ukaazi wa kudumu. Wenye ndugu huko watuelewe kwa nini siku hizi barua na simu zao zina mashaka.

Sasa tulitazame Kanisa, kwa maana ndilo linalotuhusu sisi. Na hapa hatuna budi kusema jambo lisilopendeza juu ya historia ya Kanisa la Kiingereza, ambalo kwalo tulipokea Sala zetu na hata neno hili “parishi”. Kwa sheria ya mwaka 1601 kila parishi ya Uingereza iliwekewa waangalizi wa maskini, na wazee wa kanisa walikuwa miongoni mwao. Twaweza kujivunia hilo. Lakini mwaka 1662 ikatungwa sheria nyingine: maskini alisaidiwa katika parishi yake tu, na mgeni aliyehamia bila kupanga nyumba ya kodi ya paundi 10 kwa mwaka aliweza kushtakiwa ndani ya siku 40 na kurudishwa alikotoka, hata kama hajaomba kitu, kwa kuogopa tu kwamba huenda ataomba. Walikuwako wanawake waja wazito waliosukumwa kuvuka mpaka wa parishi usiku usiku, ili mtoto asizaliwe hapo akawa na haki ya kula hapo. Mwaka 1697 ikaamriwa kwamba wanaopokea msaada washone juu ya nguo herufi ya kuonyesha umaskini wao na herufi ya parishi yao. Hao walikuwa Wakristo, ndugu zetu, wenye kuimba zaburi kila asubuhi na jioni. Mpaka wa parishi ulikuwa umewekwa ili mchungaji awajue kondoo wake. Ukageuzwa kuwa ukuta.

Kanisa la kwanza kabisa nalo lilijaribiwa katika jambo hili hili. Katika Matendo sura ya sita kulikuwa na mgao wa chakula wa kila siku Yerusalemu, na wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa. Ni akina nani hao? Hawakuwa watu wa dini nyingine. Walikuwa Wayahudi ambao jamaa zao zilikaa ugenini, wakarudi Yerusalemu na lugha ya ugenini. Kwa maneno ya kwetu, walikuwa wahamiaji. Hatusomi kwamba mtu aliwachukia. Yasemwa tu kwamba walisahauliwa, na kusahauliwa ndiko kunakompata mtu ambaye hakuna anayemjua mama yake wala shamba la babu yake.

Mitume hawakuwaambia wanung'unikao kwamba wavumilie. Hawakusema pia kwamba kuhubiri ni kazi ya kiroho na chakula ni kazi ya dunia. Waliagiza wachaguliwe watu saba, wenye kushuhudiwa wema, waliojaa Roho na hekima, wasimamie jambo hilo. Tena yasomeni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori na wenzao. Yote saba ni majina ya Kiyunani, na wa mwisho, Nikolao, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Yaani kanisa lilitia kijiko cha kupakulia mikononi mwa upande ule uliosahauliwa. Katika kufundisha kwetu tulizoea kuwauliza wanafunzi kwa nini Luka alijisumbua kuandika majina yote saba. Wengi hawakujibu, wachache walijibu vizuri sana.

Haya yote tunayaandika kwa sababu jambo lenyewe limefika mlangoni. Kila mwaka baada ya Mavuno yako makanisa yanayoweka akiba: mahindi kidogo, maharage, wakati mwingine ndizi zilizokaushwa na sabuni. Yako pia majina ya wajane, wazee na wagonjwa wanaogawiwa. Majina hayo yaliandikwa zamani, na kila kanisa lina yake. Katika siku hizi watu wetu wamekuwa wa kuhamahama. Bibi aliyezaa Kyerwa anachukuliwa na binti yake kuja kukaa Bugene karibu na hospitali. Binti aliyeachwa na mume anarudi kwa wazazi na watoto wanne. Tangu mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani mwaka 2006, kuna jamaa zilizopoteza shamba zima zikaenda kuanza upya kwingine. Wako vibarua wa Kiha na wa kutoka ng'ambo waliokuja kuchuma kahawa, wakaugua, wakabaki. Na katika kanisa moja, ambalo si lazima tulitaje, bibi wa namna hii aliambiwa na mgawaji: “Bibi, jina lako liko kule ulikotoka.” Alijibu, “Shikamoo baba, nimesikia,” akaondoka. Ni mtu wa zaidi ya miaka themanini akimwamkia kijana. Kule alikotoka walikuwa wamekwisha kulifuta jina lake, wakisema amehama.

Wako wanaosema, na neno lao si la kudharau, kwamba tukifungua mlango huu watu watakula huku na huku. Kweli wako. Tuliwaona mwaka 1994 wenye kadi tatu, na hata bila vita tunawajua wenye kujiandikisha kwa majina mawili. Chakula anachopokea mtu mara mbili kimetoka katika sahani ya mtu fulani, na huo ni wizi hata kama umefanyika mbele ya altare. Lakini angalieni, ukali wa mgawaji yule haukumzuia mwizi yeyote. Mwizi ana maarifa, ana kadi zake tayari. Aliyezuiwa ni bibi mwaminifu ambaye hakujua kusema uongo.

Dawa yake twaijua, wala haikutoka mbali. Mtoto wa darasa la tano akihama kutoka Bugene kwenda Muleba, mwalimu mkuu humwandikia fomu ya uhamisho. Jina lake hufutwa huku na kuandikwa kule, naye huketi katika darasa la tano. Haambiwi arudi Bugene kusoma, wala haanzishwi darasa la kwanza. Mwalimu naye akihamishwa mshahara wake humfuata, ingawa mara nyingine humfuata kwa mwendo wa kinyonga. Mkristo akihama huandikiwa barua ya utambulisho ili apokewe kwenye Meza ya Bwana. Mtume Paulo alimwandikia Fibi wa Kenkrea barua ya namna hiyo katika Warumi sura ya 16, na hakuishia kuomba apokewe katika Bwana. Aliwataka Warumi wamsaidie katika neno lolote atakalohitaji kwao. Barua zetu za leo zimebaki na nusu ya kwanza ya barua ya Paulo. Zinataja ubatizo, kipaimara na ndoa, zikanyamaza juu ya chungu.

Na jangwani je? Wana wa Israeli walisafiri miaka 40, na mana ilianguka mahali kambi ilipokuwa usiku ule. Hakuna aliyeambiwa arudi Refidimu kuokota fungu lake. Ilikoma siku ya pili baada ya wao kula mazao ya nchi, kama tusomavyo katika Yoshua 5:12, haikukoma siku moja kabla. Utaratibu wa Mungu haukuacha pengo baina ya chakula cha njiani na chakula cha nyumbani.

Kwa hiyo tunaiomba Halmashauri ya kanisa, itakapokutana kutengeneza mambo ya Mavuno, ikubali maneno mawili yaongezwe chini ya barua ya utambulisho ya kila mtu anayesaidiwa: kwamba amekuwa akipokea chakula, yeye na watu kadha wa kadha wa nyumbani mwake, na mwezi wa mwisho aliopokea. Jina lake lisifutwe katika kanisa analotoka mpaka habari itakapoletwa kwamba limeandikwa kule alikokwenda. Mwenye kufika bila barua, kwa kuwa wako watu wanaokimbia usiku na hawapiti kwa kasisi, apewe fungu la mwezi wa kwanza kama omugenyi anavyopewa, na wazee wapige simu kuuliza katika muda huo. Mzigo wa kuuliza uwe wa wazee wenye simu, usiwe wa bibi mwenye fimbo.

Tena katika wale watakaochaguliwa kugawa mwaka huu, tunaomba wawemo wawili waliohamia hapa kutoka kwingine. Akina mama wa Umoja wanawajua vizuri kuliko sisi wazee, maana huonana nao kisimani na klinikini.

Mwenye kumjua mtu wa namna hii katika kitongoji chake, aliyehamia tangu Mavuno yaliyopita na ambaye hayumo katika orodha yoyote, alete jina lake kwa mzee wa kanisa aliye karibu naye, pamoja na idadi ya walio nyumbani na mahali alikotoka. Asimtume mwenyewe kuja kujieleza.